Matawi ya Kona ya Chemchemi

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi wa kule mlangoni vuteni huo mlango, baridi yote inaingia kwa upande wenu. Naona wengine mmekuja na blanketi mabegani. Siwalaumu. Leo asubuhi mimi mwenyewe nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kifuniko cha sufuria ya mke wangu, na mke wangu alikuwa hajajua. Haya, sasa amejua.

Somo mmelisikia likisomwa, sitalirudia. Nataka niwape habari za mtu mmoja mwenye pikapu. Msianze kuangaliana! Simsemi mtu wa hapa. Nimemtunga jana jioni, nikiwa nimekaa na moto. Lakini ukiona amefanana na jirani yako, angalia kwanza kama hajafanana na wewe.

Mtu huyu hakuwa mbaya. Mkulima wa viazi, anaamka mapema, anaimba besi kwaya, anamtunza mama yake nyumbani kwake vizuri kabisa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kushuku. Ukimsalimia mara mbili kwa siku, anajiuliza unataka nini. Mkewe akipika nyama katikati ya wiki, hali kwanza, anaweka mkono kwenye kidevu, anauliza, "Kuna nini humu ndani?" Ninyi mnacheka. Chekeni tu. Nawaona pia wasiocheka.

Fundi mmoja aliitazama pikapu yake, akamwambia, "Mzee, matairi ya nyuma yamekwisha, ni vipara vitupu. Msimu huu wa sakitu usiyategemee. Kama huna budi kutembea, basi nenda mwendo wa jeneza."

Yule mtu akashukuru kwa adabu. Alipofika nyumbani akamwambia mkewe, "Yule fundi ana matairi ya kuuza, nimemjua." Je, fundi alikuwa na matairi ya kuuza? Hata moja hakuwa nalo. Lakini nani alimwuliza?

Sasa, mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa tatu huo haoni. Wajukuu anawajua kwa kuwapapasa vichwa, na mdogo wao wa mwisho hajawahi kumwona hata siku moja, anamsikia tu akilia. Ikatokea neema: madaktari wa macho wakaja kutoka mbali. Siku ya kwanza wakapanda mpaka zahanati ya huku juu kuwapima watu. Siku ya pili wangepasua kule chini, kwenye hospitali ya misheni, halafu jioni waondoke. Na mwenye kupasua alikuwa daktari mmoja tu, wengine ni wa kumsaidia.

Daktari akamwangalia yule bibi machoni kwa tochi yake, akamwambia, "Mama, haya yanatengenezeka. Kesho uwahi hospitali kabla ya saa tatu. Keshokutwa wauguzi wakikufungua bandeji, unamwona mjukuu wako."

Bibi akaanza kulia palepale. Mwanawe je? Mwanawe aliuliza, "Kwa shilingi ngapi?"

"Bure, baba."

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa."

Walipotoka nje akamshika mama yake mkono, akamnong'oneza, "Mama, bure. Kuna kitu hapa."

Bibi akamwambia, "Kitu gani? Wataniibia macho? Haya yangu nani atayataka?" Basi wakakubaliana kwenda.

Kesho yake wakatoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Mama kakaa mbele, amejifunika kanga mbili na blanketi. Mwana kwenye usukani, anaiwahi saa tatu.

Hapa nisimame kidogo niwasemeshe kuhusu barabara. Sisi watu wa juu sakitu tunaijua, umande ukiganda alfajiri. Tunajua inavyochoma viazi, inavyoua maharage, tunajua asubuhi ukitoka nje majani yanalia chini ya miguu. Na magari tumeendesha miaka yote, kwenye vumbi, kwenye tope la kufika magotini. Lakini ile ilikuwa changarawe. Sakitu ikianguka kwenye changarawe, tairi bado linauma. Sasa tumeletewa lami. Tumeshangilia, tumechinja, tumecheza, na kuanzia siku hiyo kila mmoja wetu amekuwa dereva wa mashindano. Nani alitufundisha sakitu inakaaje juu ya lami? Hakuna. Tunaendesha lami kwa akili za changarawe.

Na katika barabara hiyo palikuwa na kona kali yenye chemchemi upande wa juu, na bonde upande wa chini. Karavati lilikuwa limeziba kwa majani. Mnajua karavati likiziba ni kazi ya nani kulizibua? Ya mwenzangu. Siku zote ni ya mwenzangu. Basi maji yakawa yanapita juu ya lami, na usiku yanaganda. Barafu nyembamba, huioni mpaka uwe umeshaikanyaga.

Walipokaribia kona hiyo kulikuwa kumepambazuka, lakini ukungu umelala barabarani, taa za gari zinaishia hatua kumi mbele. Mara akakanyaga breki. Katikati ya lami kulikuwa na matawi mabichi ya mkaratusi. Fungu moja, halafu hatua chache mbele fungu jingine.

Maana ya matawi barabarani nani hapa haijui? Hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Hatukufundishwa na askari wa barabarani, ni desturi yetu wenyewe: ukiona matawi, mtu anakwambia mbele kuna tatizo, punguza mwendo. Gari limeharibika, au ng'ombe amekufa, au daraja limekwenda na maji. Hujui ni nini, unapunguza tu.

Lakini rafiki yetu alikuwa amesikia sokoni kwamba siku hizi majambazi nao wanaweka matawi. Ukisimama tu, umekwisha. Alimjua mtu aliyeibiwa namna hiyo? Hapana. Aliyemsimulia alimjua? Naye aliambiwa na mtu. Lakini habari ya namna hiyo ikishaingia kwa mtu wa kushuku, inapewa kiti na chai.

"Mama," akasema, "kuna matawi."

"Kuna gari limeharibika?"

"Gari silioni."

"Basi hapo tumetegwa," akasema bibi, na akajivuta ndani ya blanketi.

Mwana akashusha kioo kidogo, kiasi cha vidole viwili. Akaona mtu anatokea kwenye ukungu. Koti refu la mitumba, kichwa kimefungwa shali mpaka puani, na mkononi ana panga. Mtu yule akapaza sauti, kumbe ni mwanamke: "Baba, simama hapohapo! Maji yameganda kwenye kona! Pita taratibu kwa huku pembeni, kwenye majani!"

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu!"

"Peke yako, saa hizi, na panga?"

"Panga la kukatia matawi, baba!"

Wapendwa, hilo si jibu? Matawi yako chini, mabichi, utomvu haujakauka. Panga liko mkononi. Mtu wa kawaida hapo angesema asante. Lakini mtu wa kushuku, jibu likiwa zuri, ndipo anapozidi kushuku! Anasema, huyu amejiandaa.

"Mwanamke wanamtanguliza," akamwambia mama yake. "Wanaume wenyewe wako nyuma ya kilima."

"Tuondoke, baba," bibi akasema. "Lakini hayo matawi yatoe. Wasije wakamtega na mwingine."

Mnamsikia bibi? Ana huruma! Anawafikiria wa nyuma! Nataka mlishike hilo, kwamba walichokifanya walikifanya kwa moyo safi kabisa.

Yule mtu akashuka na spana ya gurudumu mkononi. Akayakamata matawi, fungu la kwanza, akalitupa bondeni. Fungu la pili, bondeni. Yule mwanamke akapiga kelele, "Usitupe jamani! Nimeyatoa mbali hayo!" Ninyi mnajua kule juu uwandani miti ilivyo ya kutafuta. Lakini hakumsogelea. Naye aliogopa. Mwanamke peke yake kwenye ukungu, na mbele yake mwanamume mwenye chuma mkononi ambaye hasikii la mtu. Akarudi nyuma, akapotea kwenye ukungu.

Mwanamume akaingia garini, akatia gia ya kwanza. Na kwa kuwa alimwogopa yule mwanamke asije akatokea tena upande wa bonde, akaibana pikapu upande wa juu, kwenye majani, polepole, huku akiangalia kila kichaka. Katikati ya kona nyuma ya gari ikacheza. Ikaenda upande, ikaenda, mama akapiga yowe, halafu tairi la mbele likauma majani na gari likatulia. Wakapita.

"Umeona, Mama?" akasema. "Wamemwaga oili."

Haleluya! Wamemwaga oili! Mtu anaambiwa kwa sauti kubwa pana barafu, anateleza kwenye barafu, anasema ni oili!

Wakafika hospitali mapema kuliko wote. Bibi akaandikwa wa kwanza. Akavalishwa gauni la hospitali, akatiliwa matone machoni, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu karibu na mlango wa chumba cha upasuaji. Na pale, kama mnavyojua hospitali zetu za misheni, saa mbili kuna sala ya asubuhi. Wagonjwa kwenye mabenchi, wauguzi wamesimama, pambio moja au mbili. Kiongozi akauliza, "Nani ana ushuhuda?"

Nani alisimama? Ninyi mnajua nani alisimama.

Akasema, "Bwana asifiwe! Ndugu zangu, leo mimi na mama yangu tumeponyoka kwenye kinywa cha kifo. Majambazi wametuwekea matawi kwenye kona ya chemchemi. Wamemwaga oili. Wana mapanga. Lakini Bwana akanipa ujasiri, nikashuka, nikayatupa matawi yao yote bondeni, ili asitegwe mtu mwingine!"

Amina! Watu wakapiga makofi. Muuguzi mmoja akafuta machozi. Pambio ikapigwa tena, na yeye akashika besi.

Saa tatu ikafika. Daktari hajafika. Saa tatu na nusu, hajafika. Yule mtu akaanza kutembeatembea ukumbini. Akamwambia mtu aliyekaa naye, "Nilisema. Cha bure kina mambo. Wameshaondoka hawa." Saa nne, bibi anauliza kila baada ya dakika tano kama wamekuja. Saa nne na nusu wakasikia lori linaingia getini, honi haikomi.

Lilikuwa lori la viazi. Wakashusha mtu kwenye ubao, dereva wa gari la madaktari, anapumua lakini hasemi. Wakashuka wasaidizi wawili wamejaa tope. Mwisho akashuka daktari mwenyewe, kwa miguu yake, na mkono wake wa kulia umefungwa kifuani kwa shali. Mkono ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja, vidole vimevimba.

Walikuwa wamelala huku juu, kwenye zahanati, wapendwa. Walikunywa chai, wakashuka kwa barabara ileile. Wakaja na mwendo wao wa kuiwahi saa tatu, hawakuona kitu chochote cha kuwazuia, wakaingia kwenye kona.

Nyuma yao akashuka mwanamke wa koti refu, kichwa kitupu kwenye baridi ile, maana shali yake ndiyo ilikuwa imefunga mkono wa daktari. Akamwambia muuguzi, na ukumbi mzima unasikia, "Dada, mimi niliweka matawi. Nakuapia niliweka. Akaja mtu akayatupa bondeni. Nikarudi kule kwenye mikaratusi kukata mengine, na ni mbali. Nikiwa bado nakata, nikasikia kishindo."

Watu wale wale waliopiga makofi saa mbili wakageuza shingo, mmoja baada ya mwingine, wakamwangalia mwimba besi.

Hapo wapendwa nilidhani nikiandika mfano huu ataanguka magotini. Nilimtaka aanguke. Lakini nilipomfikiria vizuri, nikimtazama na mimi mwenyewe nikijitazama, nikaona hapana, mtu huyu haanguki. Mtu huyu ananyosha kidole. Akasema, "Na wewe ulijuaje kama pale pana barafu?"

Yule mwanamke akainua pindo la gauni lake. Magoti yote mawili yamechunika, damu imekaukia kwenye soksi. Akasema, "Nilikuwa napeleka maziwa. Nikateleza pale, nikaanguka, ndoo nzima ikamwagika. Nikasema moyoni, kama mtu wa miguu anaanguka hivi, mwenye gari je?"

"Na kwa nini hukurudi nyumbani?"

"Nyumbani kufanya nini, baba, na watu wanapita?"

Na kule kwenye kitanda cha magurudumu, matone machoni, mikono juu ya blanketi, bibi akainua kichwa. Alikuwa amesikia lori, hakusikia maneno. Akaita kwa furaha, "Baba! Daktari amefika?"

Nawauliza ninyi. Amjibu nini?

Namwacha amesimama pale ukumbini na mama yake anamwita, na ninakuja kwetu sisi.

Sisi tumekosea wapi? Wengi mtasema, mtu yule hakusikiliza onyo, akaumia. Hapana! Hakuumia. Sikilizeni vizuri. Yeye alipita salama. Na nini kilimpitisha? Kwa nini alikuwa kwenye gia ya kwanza? Kwa sababu alisimama. Kwa nini alisimama? Kwa sababu ya matawi. Yeye na vipara vyake angeingia ile kona kwa mwendo wake wa kila siku, leo tungekuwa tunamzika yeye na mama yake. Matawi yalimwokoa, akayatupa, akaenda kwenye sala kushuhudia kwamba ameponyoka kwenye matawi.

Tangu nimtunge mtu huyu, nawaambia kweli, nimeanza kuzishuku shuhuda. Zangu kwanza. Ni mara ngapi nimesimama hapa mbele nikasema Bwana amenipigania dhidi ya mtu fulani, na ninyi mkasema amina, kumbe mtu fulani ndiye aliyekuwa amekaa kwenye baridi ananipungia mkono?

Binti anaambiwa na mama yake mdogo, "Huyo mchumba mwangalie vizuri." Anasema, ana wivu. Baba anaambiwa na jirani, "Ndugu yangu, siku hizi unakunywa." Anasema, anataka nafasi yangu kwenye kamati. Sisi hatuulizi kama neno ni kweli. Tunauliza, anataka nini? Nani amemtuma? Kuna nini nyuma ya kilima? Na tukishampata mchawi wetu tunafurahi, tunaendelea na gia yetu.

Alhamisi Bwana Tweve, fundi wetu huyu hapa, alinisimamisha njiani akaniambia, "Mchungaji, matairi ya gari la usharika ni mabaya." Mnajua nilifikiri nini? Na mimi ni mchungaji wenu! Nilifikiri, Tweve anatafuta kazi. Ndiyo, Tweve, nilifikiri hivyo, nisamehe. Na jana jioni nilipokaa kutunga, mtu wa kwanza kunijia kichwani hakuwa mkulima wa viazi, nilikuwa mimi. Ufunguo huu hapa. Ibada ikiisha kaliangalie, na leo nitarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa ninyi. Mtatoka hapa, mtashuka kilima hiki na lami yake, wengine na pikapu, wengine na bodaboda, wengine na maisha tu. Mtu akikupungia mkono, punguza mwendo. Kama ni kumshuku, utamshuku ukiwa umeshasimama, muda upo. Na kama moyo umegoma, umekataa kabisa kumwamini, basi pita zako. Lakini matawi yake yaache palepale alipoyaweka. Nyuma yako kuna gari linakuja, na hujui limembeba nani.